Akiba Ndani ya Mshono

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka leo alasiri, na bati limevuja palepale pa mwaka jana, penye kiraka cha zamani cha lami, juu ya meza ya pasi. Naandika ili mwenye nyumba asiniletee hadithi zake. Mwaka jana alinikazia macho akasema bati lake ni zima, na kwamba maji yaliyoharibu suruali za wateja wangu yalitoka kwenye birika langu mwenyewe. Birika! Safari hii kila tone litaandikwa na tarehe yake, na akibisha nitamsomea mbele ya majirani.

Nimemaliza gauni la dada. Tulinunua kitambaa cha jora moja, kijani kilichoiva chenye maua meupe madogo, nikakata magauni mawili, lake na langu. Dada amesema siku hiyo lazima tufanane, hata kama mimi ni mpana kama kabati. Siku yenyewe ni katikati ya mwezi wa tano. Wodi ya mionzi ya hospitali kuu itawakusanya wanawake wanaoanza matibabu wakae pamoja na waliomaliza miaka mingi iliyopita, na dada ndiye atakayesimama kuzungumza. Wala hana haja ya kujiandaa. Kila wiki yuko pale kwenye mabenchi, anawashika mikono wanaoiogopa mashine, anajipiga kifua: "Nitazameni mimi. Nililala chini ya hiyo hiyo, na mpaka leo nasumbua watu." Kuna waliokuwa wameshafunga mizigo warudi makwao, wakabaki kwa maneno yake.

Nimeacha akiba ya kutosha ndani ya mishono, kama kawaida yangu. Fundi anayekata kitambaa hadi kwenye uzi hawajui wanawake. Leo unamshonea mtu, mwakani amenenepa, anakuja kwako na machozi. Ukifumua, unakuta kitambaa kinakusubiri humo ndani. Mimi sikati akiba ya mtu.

Jumapili, 9 Machi

Mvua tangu alfajiri. Bati: linavuja. Nimeweka ndoo.

Alhamisi, 13 Machi

Dada amekuja kujaribu gauni. Limempwaya kiunoni. Nikakunja uso, maana vipimo nilivichukua kwa mkono wangu mwezi wa kwanza.

"Umekonda, dada?"

"Nikonde kwa shida gani? Kitambaa chako kimelegea. Tangu lini ukamwamini yule muuza vitambaa?"

Nikacheka. Kweli nilikuwa nimelifua mara moja na kulipiga pasi ya moto, na pamba za siku hizi hazitabiriki. Nikamwambia asimame vizuri niweke pini upya. Alipopandisha nguo nikaziona nukta zake za wino, moja chini ya kitovu na moja kwenye kila nyonga. Walimchanja miaka ile ili mashine ilenge palepale kila siku. Nilimtania wakati huo kwamba wamempiga chaki kama kitambaa, ila chaki yangu hufutika.

Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Watu walikuwa wameshaanza kuongea naye kwa sauti ya msibani. Mionzi ikaiua, ikamwachia utumbo mkorofi: choo cha kukimbilia, damu kidogo leo, kesho hakuna. Madaktari walimwambia utumbo umeungua pembeni na kupata makovu, atajifunza kuishi nao. Akajifunza. Kwa hiyo leo alipokaa chooni hadi nikamaliza kupiga pasi mashati yote ya mteja mmoja, sikushangaa. Alitoka midomo imempauka.

"Vipi tena?"

"Si ile mionzi yangu. Imekuwa kama mke mwenza, haina nia ya kuondoka."

Nimepunguza kiuno na ubavu. Akiba nimeilaza ndani.

Jumatatu, 17 Machi

Sketi za shule tu, kutwa. Mvua. Bati: linavuja. Mwenye nyumba hapokei simu.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda kwa dada bila kubisha hodi ya simu, nikamkuta shemeji barazani anaanika mashuka na mvua inanyesha.

Huyu shemeji yangu ni fundi wa friji, na mtaa mzima unamwita Baridi. Si kwa sababu ya kazi tu. Nyumba ikishika moto atakuambia, "Naona kuna moshi." Miaka yote hii sijamsikia akipandisha sauti, wala akicheka hadi meno ya nyuma yaonekane.

"Shemeji, unaanika mvuani?"

"Zitakauka."

Basi, ndiyo hayo tu. Ndani, dada amejilaza kwenye kochi na blanketi hadi kidevuni, anasema amechoka na hii hali ya hewa. Mezani kuna dawa za bawasiri na vidonge vya kuongeza damu. Amepewa na tabibu wa kliniki ya mtaani, ambaye dada anamsifu sana. "Nilipomtajia mionzi tu, akaelewa. Hakunisumbua hata kunipandisha kitandani."

Nilimsubiri Baridi jikoni nikampa vidonge vyake na yeye. "Mke wako anaishiwa nguvu, wewe umeshikilia mashuka? Wewe ni mwanaume wa namna gani?" Akanitazama. Akafungua mdomo, akachungulia sebuleni kwa dada, akaufunga. Jiwe kabisa. Nimerudi nyumbani nimenuna na nguo zimelowa.

Alhamisi, 27 Machi

Nimemwendea muuza vitambaa nikamwambia kitambaa chake kinalegea kama kamasi. Yule baba akatoa macho.

"Mama fundi, unanivunjia heshima. Hiyo ni pamba tupu. Hailegei, inaruka, yaani inapungua. Ungeniambia imeruka ningenyamaza."

Akakata kipande kutoka kwenye jora lilelile, akakilowesha mbele yangu, akakipiga pasi, akakilaza juu ya kipimo. Kilikuwa kimepungua kidogo. Nikamwambia huo ni mwisho wa jora, mwisho na mwanzo havifanani. Akasema katika maisha yake ya kuuza nguo hajawahi kusikia maneno hayo. Wateja wakacheka. Nikaondoka na kichwa juu.

Langu mimi limenibana kidogo, lakini hiyo ni mikate ya jioni.

Jumatano, 2 Aprili

Dada tena. Sasa gauni limepwaya kila mahali, mpaka mabega yanateleza. Nilijisikia aibu ya fundi, ile ya kukaa mwaka baada ya mwaka kwenye cherehani halafu kitambaa kikuchezee. Dada mwenyewe ananicheka: "Mdogo wangu, kubali, umepigwa. Mwenzako kakuuzia wavu."

Alikuwa amekaa kwenye kiti changu upande mmoja, kama mtu mwenye jipu. Nikamuuliza, akasema kiti changu ndicho kibovu.

Nikashikwa na hasira na kile kitambaa. Nikasema moyoni, kama kinalegea kwa sababu kimejaa huko ndani na kuvuta mishono, basi dawa yake ni kukitoa. Nikabana ubavu wote wawili, nikapitisha ovaloki, na ile mashine ikala akiba yote. Vipande virefu vya kijani vilianguka sakafuni, nikavifagia pamoja na vumbi na maji ya bati.

Gauni limemkaa sasa. Limekaa kama la msichana. Dada akajizungusha mbele ya kioo, akashika meza, akasema kizunguzungu ni cha furaha.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua usiku kucha. Bati: tundu la pili, karibu na la kwanza. Dada hakwenda wodini wiki hii.

Jumapili, 13 Aprili

Leo nitaandika yote.

Leo asubuhi nililitoa gauni langu nione kama nipandishe pindo. Niliona heri nilifue kwanza kama la dada, nikalipiga pasi ya moto vilevile, nikalivaa. Halikupwaya. Lilinikamata kama siku ya kwanza, na zaidi. Nikafungua dirisha, nikasimama kwenye mwanga, nikavuta kitambaa huku na huku kama mwendawazimu. Kitambaa kimoja, jora moja, sabuni moja, pasi moja. Langu halijalegea hata uzi.

Nilikaa chini sakafuni. Mimi, ambaye mteja akiingia tu mlangoni namwambia umeongezeka nyonga, nimempunguzia dada yangu nguo mara ya kwanza na ya pili, nikagombana na muuza vitambaa, nikalilaumu jora. Kila mtu nilimlaumu, ila dada mwenyewe sikumtazama.

Nikaenda kwa dada na mvua yangu. Baridi alinifungulia, mikono ina povu hadi viwikoni. Kwenye beseni nyuma yake, maji mekundu.

"Dada, unatokwa na damu kiasi gani?"

"Kidogo. Ile ya siku zote."

"Si kidogo," akasema Baridi.

"Baba, nyamaza."

"Sinyamazi." Akajifuta mikono kwenye suruali. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo. "Si kidogo, shemeji. Tangu kabla ya mwaka mpya. Kwanza kwenye choo, sasa mpaka kitandani. Choo chenyewe kinapita kwa shida, analia humo chooni na mimi nasimama mlangoni. Nafua asubuhi na mapema, majirani wasione. Aliniapisha nisikuambie. Alisema wewe utakwenda kupiga kelele hospitalini, na wale wanawake watasikia."

Nilimtazama yule mtu niliyemwita jiwe jikoni kwake mwenyewe. Nikataka ardhi inimeze.

Dada alikuwa amegeukia ukutani. Akaongea bila kugeuka.

"Wewe hujakaa kwenye yale mabenchi. Kuna mwalimu wa chekechea pale, binti bado mdogo. Alikuwa ameshakataa mashine. Nilimwambia haina ubaya. Nilimpa neno langu, akavua viatu akaingia. Sasa unataka anikute kwenye foleni, na mimi nashika tumbo? Watakimbia wote, na wakikimbia watakufa. Acha siku ile ipite. Nikishaongea nao, nitakwenda popote mtakapo."

"Na ukifa kabla?"

"Nitakufa nimependeza."

Sikucheka. Nilimwambia, "Gauni liko kwangu. Halitoki dukani kwangu mpaka daktari akuangalie, tena daktari wa kweli, siyo yule anayeelewa bila kushika. Ukitaka, simama mbele yao na kanga ya jikoni."

Akaniita mchawi. Nikamwambia ndiyo, mimi ni mchawi, na kesho nitakuja tena.

Jumatano, 16 Aprili

Dada amemtuma Baridi aje kuchukua gauni. Nimekataa. Baridi alisimama pale mlangoni, matone yanamdondoka kwenye kofia, akasema kwa upole, "Shikilia hapo hapo, shemeji." Nadhani alitabasamu.

Bati: linavuja.

Jumamosi, 19 Aprili

Amekubali. Amesema anakwenda kwa ajili ya gauni tu.

Alhamisi, 24 Aprili

Tumetoka hospitali kuu. Tulipita mlango wa nyuma, kwa dobi, dada asionekane na watu wa wodi ya mionzi.

Daktari wa matumbo ni mwanamke kijana mwenye mafua, anapiga chafya ndani ya barakoa na kuomba radhi kila mara. Nilimdharau dakika ya kwanza. Halafu akampandisha dada kitandani, akaweka kidole kando ya nukta ya chini ya kitovu bila kuigusa. "Mama, hizi ni za mionzi? Ya lini?" Dada akamjibu. Akauliza damu, akauliza choo, akauliza nguo. Hilo la nguo nilijibu mimi.

Wakampeleka kwenye kipimo cha mpira wenye kamera. Mimi na Baridi tulingoja kwenye korido. Alikuwa ameshika kandambili za dada mkononi muda wote, nyayo zimegeukia kifuani pake, zimemchafua shati, hajali. Nikamwomba msamaha kwa yale ya jikoni. Akasema, "Ulikuwa na haki. Ningenuna kuliko wewe." Kisha akaongeza kwamba hata kazini sasa akifungua friji la mtu haoni nyaya, anaona mashuka.

Daktari alitoka akavua glavu. "Nilitegemea kukuta makovu ya mionzi. Yapo. Lakini katikati ya makovu kuna uvimbe, umeziba karibu njia yote. Nimekata kinyama kikapimwe. Siwezi kusema zaidi mpaka majibu yaje."

Tulirudi kwa mlango wa dobi. Gauni nimempa dada, nilikuwa nimeahidi. Hakulifungua hata mfuko.

Jumatatu, 28 Aprili

Majibu bado.

Jumanne, 29 Aprili

Majibu bado. Mwenye nyumba hatimaye amemleta fundi wa bati, jamaa mwembamba anayeimba puani. Alikwanguakwangua juu huko, kisha akaniita kwenye ngazi. Tundu la zamani liko salama, anasema, lami ya mwaka ule imeshika vizuri. Lakini bati lililozunguka kiraka limeoza kwa kutu, na ndiko maji yanakopita. "Kiraka kimezuia pale, kikala pembeni," akasema, akaendelea na wimbo wake. Nilishuka ile ngazi bila hata kumshukuru.

Ijumaa, 2 Mei

Majibu bado. Sare za shule nimemaliza. Nimeshona shati moja mikono yote miwili ya kushoto.

Jumanne, 6 Mei

Ni saratani.

Dada aliuliza kwanza, "Imerudi?" Daktari akatikisa kichwa. "Haikurudi, mama. Ile ilikufa. Hii ni nyingine, mpya kabisa. Imeota kwenye utumbo, palepale mionzi ilipopita."

"Kwa hiyo mionzi ndiyo imenipa."

"Sitakuapia. Kwa mtu mmoja mmoja hatuwezi kuthibitisha. Lakini mahali ilipo na miaka iliyopita vinanifanya niamini hivyo. Hutokea kwa nadra sana. Wanaopigwa mionzi ni wengi, na wanaopatwa na hili ni wachache mno."

"Na mimi nikawa kati ya hao wachache. Bahati yangu, sijawahi kushinda hata bahati nasibu." Kisha akauliza, "Ningeikataa mashine miaka ile?"

"Tusingekuwa tunaongea leo."

Hakuzungusha. Nilimpenda hapo, na mafua yake yote. Baridi ndiye aliyeuliza lile nililotaka kuuliza mimi: kwa nini hakuna aliyeiona mapema? Daktari akashusha pumzi. "Kwa sababu sababu ilikuwepo tayari. Mama akisema damu, anasema na mionzi hapohapo. Anayesikia anaacha kutafuta. Si mmoja tu, ni wengi, na mara nyingi huwa ni kweli ni makovu tu. Ila mara nyingi si kila mara."

Watampasua tarehe ishirini. Watatoa kipande cha utumbo, na atatoka na mfuko wa choo tumboni, huenda maisha yote. Mwili wa pale ulishachomwa, unapona kwa shida, kwa hiyo upasuaji ni wa hatari. Na kwenye picha kuna doa kwenye ini ambalo hawalipendi. Doa hilo alilisema mwisho, polepole, akimtazama dada na si sisi.

Njiani nilimsimulia dada habari ya fundi wa bati, sijui kwa nini, nilitaka tu kuwe na maneno. Akasikiliza hadi mwisho. "Basi mimi na bati lako ni ndugu," akasema, akacheka. Mimi nililia barabarani hadi watu wakageuka, na yeye mgonjwa ndiye aliyenishika mkono.

Jumapili, 11 Mei

Mvua. Nimemwambia dada asiende kuongea, watamsamehe. Amesema kama haendi, basi atakuwa amewadanganya hadi mwisho.

Alhamisi, 15 Mei

Gauni lilikuwa limempwaya tena. Hakukuwa na muda wa cherehani. Nilipiga pini kwa ndani, mgongo mzima, nikamwambia asiiname na asimkumbatie mtu. Tulifanana kweli, kijani na maua meupe, mmoja mwembamba kama ufito na mmoja kabati.

Chumba kilijaa. Wanawake wa kila namna, wengine na vilemba, wengine na waume zao wameinamia simu. Mwalimu wa chekechea alikaa mbele, uso umemchangamka, akampungia dada mkono. Nikatamani kumvuta dada kwa ile foleni ya pini tuondoke.

Dada akasimama. Hakujipiga kifua.

"Mmezoea kunisikia nikisema nitazameni, nimepona. Nilipona kweli. Saratani iliyonileta hapa ilikufa kwenye mashine ile. Sasa nina nyingine, ya utumbo. Madaktari wanaona imetokana na mionzi ileile. Wananipasua Jumanne."

Hata wale wa simu waliinua vichwa. Sista mkuu wa wodi alishika ukingo wa meza. Mwalimu wa chekechea akasimama polepole.

"Uliniambia haina ubaya."

"Nilikuambia."

"Uliniangalia machoni ukaniambia haina ubaya! Nimeshalala mara ngapi chini yake!"

"Nilikosea, mwanangu. Ina ubaya wake, mara chache sana, lakini inao. Ubaya wa kutolala chini yake unaujua, ndio uliokuleta. Mimi imenipa miaka. Nimemzika mama yangu kwa mikono yangu, badala ya yeye kunizika mimi. Nimegombana na huyu mnene karibu kila siku. Ukinirudisha siku ile, nikijua ninayoyajua leo, nitavua viatu na kuingia. Lakini kitu kimoja nisingekirudia. Nilitokwa na damu nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na jina la kuiita. Ninyi damu ikija, hata iwe baada ya miaka ishirini, mtu akikuambia ni mionzi, mwambie sawa, lakini angalia kwanza. Usishuke kitandani mpaka aangalie."

Mwalimu alichukua mkoba wake akatoka. Mlango ukajibamiza kwa upepo wa mvua. Wanawake wengine wawili wakamfuata. Waliobaki hawakupiga makofi. Dada alikaa, akasahau pini, zikamchoma, akanong'ona, "Mchawi wewe." Nilipomvua gauni nyumbani, ndani kulikuwa na vitone vidogo vya damu mgongoni. Nimevifua kwa maji ya baridi.

Jumanne, 20 Mei

Wamempeleka asubuhi. Wamemrudisha alasiri, hai. Baridi alipomwona alipiga magoti pale korido, mbele ya watu wote, bila sauti.

Daktari mpasuaji amesema wametoa walichoweza.

Ijumaa, 23 Mei

Homa. Kidonda kinavuja. Hakuna anayelala vizuri. Sijui kama mvua ilinyesha.

Jumanne, 27 Mei

Homa imeshuka. Mwalimu wa chekechea amekuja kumjulia hali. Bado amenuna. Alisimama miguuni mwa kitanda akasema hajamsamehe, kwamba anaendelea na mashine, na kwamba ameshamwambia daktari wake kila kitu kuhusu tumbo lake, hata yasiyoulizwa. Akaacha machungwa akaondoka. Dada amekula moja, chakula cha kwanza alichokitaka mwenyewe.

Alhamisi, 29 Mei

Daktari mwenye mafua alituita mimi na Baridi pembeni. Doa la ini nalo ni saratani hiyohiyo ya utumbo. Dawa zipo, watajaribu, mwili ukipata nguvu. Baridi akauliza ni muda gani. Akasema hajui, na kwamba akitutajia muda atakuwa anabahatisha. Baridi akaitikia kwa kichwa, kama anayeambiwa friji halitengenezeki lakini asilitupe bado.

Dada hajaambiwa, ila anajua. Alikuwa anajipapasa mbavu chini ya shuka.

"Nimekwisha, eh? Kama hanga ya nguo. Lakini nitanenepa. Nimeanza na machungwa, kesho uji. Mdogo wangu, nikishanenepa utanipanulia gauni langu, sivyo? Wewe huwakati watu akiba. Najua kitambaa changu kiko humo ndani."

Nikamwambia, "Kipo."

Jumatatu, 2 Juni

Mvua imekatika tangu juzi. Mwenye nyumba amepita, mpole ajabu, ananiuliza kama kweli nimeandika siku zote bati lilipovuja. Nikamwambia arudi siku nyingine. Sikuwa na hamu ya kumsomea mtu yeyote.

Nililitandika gauni la dada mezani nikaligeuza ndani nje. Ubavu wote umepitishwa ovaloki hadi kwenye uzi. Hakuna hata upana wa kidole. Nilijua, lakini nilitaka macho yaone.

Nikaenda kwa muuza vitambaa. Alinikumbuka. Aliposikia ninachotaka hakunicheka, alipanda mwenyewe kwenye ngazi akatafuta hadi juu kabisa. Jora limekwisha, na kiwanda hakitoi tena maua yale. Akaniuliza taratibu, "Ni kwa yule dada yako?" Nikamshukuru nikaondoka.

Basi nimelishusha gauni langu msumarini. Mimi ninacho kitambaa cha kugawa. Nimelipasua pande zote mbili, toka kwapani hadi kwenye pindo, nikakata vipande viwili virefu, nikavipachika ubavuni mwa gauni la dada. Maua yamekutana vizuri. Upande wa kushoto, kwa ndani, nimemshonea mfuko laini wa kushikilia ule mfuko wake, usimvute akitembea.

Baridi alikuja jioni kulichukua. Alilinyanyua kwenye mwanga kwa mikono miwili, akalitazama kwa muda mrefu.

"Shemeji, si kubwa mno?"

"Ndicho kipimo chake," nikamwambia. "Cha mwezi wa kwanza."

Akalikunja mwenyewe, taratibu, kama anavyokunja mashuka. Sikumwambia kwamba nilipofika kwenye mshono wa mwisho niliacha na akiba.